Siku Mashine Ilipomwita Bibi Ghati Bwana

Vijana wangu, mkiingia leo kwenye tawi la benki pale Mugumu, mkataja jina, na picha yenu ikatokea kwenye kioo kabla hamjakaa vizuri kwenye kiti, msidhani jambo hilo lilinyesha na mvua. Kuna watu walilibeba mgongoni. Mmoja wao ni mimi, Marwa, darasa la saba, na sisemi kwa kunong'ona. Wenzangu walikuja benki na bahasha za vyeti. Mimi nilikuja na fagio. Nikaondoka nikiwa mkuu wa masjala, na siku ya kuniaga meneja alinisifu mpaka mke wangu akanigusa kwa kiwiko: "Huyo anayesemwa ni wewe, au kuna Marwa mwingine?"

Masjala ndicho chumba cha karatasi za wateja. Chetu kilikuwa nyuma ya tawi, makabati ya chuma mpaka karibu na dari, kina harufu ya vumbi, gundi ya zamani na popo. Mteja akija kubadilisha sahihi, keshia anapaza sauti, "Marwa!" nami nazama humo. Nikiibuka na jalada mkononi, watu wa foleni walikuwa wananipigia makofi. Si utani. Kuna mama wa sokoni aliwahi kunipa papai zima kwa sababu nililipata jalada lake kabla hajamaliza kukohoa.

Aliyenifundisha ni Mzee Ojwang', Mjaluo wa Shirati, mtu mrefu aliyevaa tai hata Jumamosi. Alinikuta nafagia huku nasoma majina kwenye migongo ya majalada, akaninyang'anya fagio. "Omera," akaniambia, yaani ndugu kwa Kijaluo, "jalada ni kama ng'ombe wa watu. Ukimtoa zizini, acha alama kuonyesha nani kampeleka wapi." Alama yenyewe ilikuwa kibao cha kadi ngumu. Jalada likitoka kabatini, kibao kinakaa mahali pake, kimeandikwa nani kalichukua na lini. Siku moja meneja alijichukulia jalada bila kibao. Mzee Ojwang' akamfuata, akasimama mlangoni pa ofisi na kibao mkononi, kimya, kama mtu anayesubiri sahani yake irudishwe. Meneja akaandika. Leo kompyuta inafanya kazi hiyo yenyewe: ukifungua taarifa za mtu, jina lako linabaki humo. Ni kibao kile kile cha Mzee Ojwang', ila hiki hakiliwi na mchwa.

Nisiwadanganye lakini kwamba zamani palikuwa peponi. Kwetu huku majina ni machache na watu ni wengi. Niliwahi kutoka na jalada nikaita, "Chacha Marwa!" Wakasimama wanaume wanne, na wa tano akauliza, "Wa wapi?" Nikabuni dawa yangu: nikaandika kwa penseli kwenye pembe ya kila jalada kitu cha kumtambulisha mtu. Chacha Marwa mrefu. Chacha Marwa wa pikipiki nyekundu. Chacha Marwa mwenye shangazi Isebania. Nilijisifu sana kwa dawa hiyo, na wakaguzi kutoka Musoma waliisifu pia. Halafu yule wa pikipiki nyekundu akaiuza pikipiki yake kwa Chacha Marwa mwingine. Hapo ndipo niliposema moyoni, mura, yaani kijana kwa Kikurya chetu, kuna siku utahitaji msaada wa mashine.

Na wateja nao walikuwa na masjala zao. Kuna mzee wa Robanda alikuja bila kitabu chake cha benki. Nikamuuliza kiko wapi. Akasema, bila kucheka, "Kimeliwa na tembo." Alikuwa amekificha ghalani katikati ya mahindi, akiona hakuna mwizi atakayefukua magunia yote yale. Mwizi hakufukua. Tembo walivunja ukuta wakala mahindi, na kitabu kikaenda nayo. Ukicheka, kumbuka kwamba pale Robanda jambo hilo si la ajabu hata kidogo. Ajabu ilikuwa sisi, maana siku ile ile tuligundua kwamba kadi yake ya sahihi iliyokuwa kwetu ilikuwa imelowa kwa paa kuvuja. Tembo kwake, mvua kwetu. Mtu mzima akabaki hana karatasi duniani.

Basi makao makuu wakamleta Neema. Binti wa Dodoma, mdogo kwa umbo, anaongea taratibu, akiwa na skana mbili na maboksi ya nyaya. Kazi yake ilikuwa kuhamisha masjala yote kuingia kwenye kompyuta. Wenzangu walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Mimi nikamkaribisha chai, nikamwambia, "Binti yangu, wewe unajua mashine, mimi najua nini kimo humu. Tukigombana, popo watatushinda sote."

Sikieni sasa mambo ya kazi, maana hamtayapata chuoni. Kabla ya kuskani, toa pini zote, hata ile uliyoapa kwamba haipo. Pini moja inakwangua kioo cha skana, na kila karatasi itakayofuata itakuwa na mstari mweusi kama ndevu. Pepea rundo la karatasi kama unavyopepea ungo, zisishikane. Karatasi iliyolowa usiianike juani, itakunjamana. Ilaze kati ya magazeti makavu, uweke tofali juu. Na usilambe kidole kugeuza kurasa. Neema alinikuta nalamba, akaniletea kisponji chenye maji ndani ya kifuniko cha soda. Nikakitumia mpaka nilipostaafu.

Kuskani tulimaliza vizuri. Shida ilianza kwenye kujaza. Kadi za zamani zilikuwa na jina, kijiji na dole gumba, basi. Kompyuta ilitaka zaidi: jinsia, ndoa, jina la mwenzi. Tukawapa wateja fomu mpya, wakajaza au wakajaziwa, mimi nikawa naingiza kwa vidole vyangu viwili, haraka kuliko wengine wenye kumi.

Sasa njooni kwa Bibi Ghati wa Nyambureti.

Bibi Ghati aliolewa na Wambura, Wambura akafariki, na mtoto wa kiume hawakujaliwa. Kwetu nyumba kama hiyo haiachwi izime. Mwanamke mwenye ng'ombe wake anaweza kuoa msichana, akamlipia mahari, na watoto ambao msichana huyo atazaa na mwanaume wa kando ni wa nyumba yake, wanamwita yeye baba. Tunaita nyumba ntobhu. Bibi Ghati alimwoa Bhoke kwa njia hiyo, mbele ya watu, kwa nyama na pombe, na watoto watatu wakazaliwa. Kwa mikono yake alilima ulezi na tumbaku, akanunua kiwanja Mugumu mjini, akajenga vyumba vitatu vya duka. Hati ya kiwanja alituachia benki tumtunzie kwenye chumba cha chuma.

Fomu ya Bhoke ilipofika mezani kwangu, ilisema: mwenzi, Ghati Wambura. Kompyuta ikaniuliza kuhusu Ghati: huyu ni mume au mke? Vijana, mngejibu nini? Nani alitoa ng'ombe? Nikabonyeza "mume". Na mpaka leo nasema nilijibu ukweli. Kilichotokea ni kwamba mashine, bila kuniuliza, ikaandika pia "Bwana" na "mwanaume".

Haikumsumbua mtu, mpaka Ijumaa moja mchana. Bibi Ghati akaingia, Bhoke nyuma yake na mtoto mgongoni. Keshia akaangalia kioo, akamwangalia bibi, akarudi kwenye kioo.

"Shikamoo bibi. Samahani, taarifa hizi ni za Bwana Ghati Wambura."

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Hapa inasema ni mwanaume."

Foleni nzima ikasogea kusikiliza. Bibi Ghati akageuka kuwatazama waliokuwa nyuma yake. "Jamani, macho mabovu ni yangu au ya huyu mtoto?"

Kijana mmoja akadakia, "Bibi, labda uvue kilemba waangalie vizuri!" Watu wakacheka, bibi naye akacheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa kaunta kwa nguvu. Mimi nilikuwa nimeshatoka masjala, nikauona ule mkono.

Tukawaketisha ofisini kwa Neema, na bibi akatueleza kilichomleta. Jumatatu alikuwa anapasuliwa Mwanza, uvimbe wa tumboni, na daktari alikuwa amekataa kungoja zaidi. Alitaka kabla ya kuondoka jina la Bhoke liandikwe, kwamba yeye ndiye wa kukabidhiwa hati ikiwa mwenyewe hatarudi. Kadi ya zamani haikuwa na jina la mtu yeyote wa kukabidhiwa, kwa sababu alipofungua akaunti, Bhoke alikuwa bado hajaolewa.

"Na ukiacha hivi hivi?" Neema akauliza kwa upole.

"Kuna Mwita, mdogo wake marehemu. Jana amepita kwenye vyumba vyangu vya duka, anawauliza wapangaji kama paa linavuja. Paa si lake, linamhusu nini?" Akamwonyesha Bhoke kwa kidevu. "Nikifa, atasema nyumba yangu haina mrithi. Huyu na watoto watalala wapi?"

Neema akanigeukia. "Mzee Marwa, nani aliingiza taarifa hizi?"

"Mimi. Na niliingiza sahihi."

"Mwanamke mwenzangu huyu ni mume?"

"Muulize mkewe."

Bhoke akainamisha kichwa kwa haya, akatabasamu. "Ndiye aliyenioa, dada."

"Ng'ombe kumi na wawili," Bibi Ghati akaongeza. "Na mmoja alikuwa dume la kulimia. Andika na hilo."

Nikamweleza Neema mila yetu. Hakucheka wala hakukunja pua. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta kiti karibu na kompyuta, na hapo nikajua tuko na mtu wa kazi. Akajaribu kuandika kwamba Bhoke ni mke. Mashine ikakubali, lakini ikagoma kumtambua bibi, maana kitambulisho chake cha taifa kinasema mwanamke. Akamrudisha bibi kuwa mwanamke. Mashine ikamtambua, ila ikakataa kwamba ana mke.

"Yaani," nikasema, "akiwa mwanaume ana mke lakini hana kitambulisho. Akiwa mwanamke ana kitambulisho lakini mke kanyang'anywa."

"Na ng'ombe wangu hawarudi," akasema bibi.

Meneja akaja, akapiga simu makao makuu. Jibu likawa kwamba marekebisho ya jinsia yanachukua wiki nzima kuidhinishwa.  Bibi Ghati alifungua fundo la kanga, akatazama ndani, akalifunga tena. Mimi niliyezoea kuibuka na majalada nikipigiwa makofi, nikasimama pale sina kabati la kuzama.

Neema ndiye aliyeona njia. Alikumbuka kwamba wiki moja ni kwa yule asiyekuwepo. Mteja akiwepo mwenyewe, alama ya kidole chake ikilingana na ile ya kitambulisho cha taifa, marekebisho yote yanapita papo hapo. Kuhusu Bhoke, akashuka mpaka chini kabisa ya orodha ya uhusiano. Mume, mke, mtoto, mzazi, ndugu, halafu "mengineyo", na mbele yake kijisehemu cha kuandika maneno yako.

"Bibi, nikuandikie nini hapa? Bhoke ni nani kwako?"

Bibi akafikiri. Nilitaka kumsaidia, maana maneno huwa hayanipigi chenga, lakini Neema akaniinulia kidole nisubiri.

"Andika, mwenye kuwasha moto wa nyumba yangu."

"Nafasi haitoshi, bibi."

"Basi andika, wa nyumba yangu. Atakayeuliza zaidi aje Nyambureti."

Likaingia. Mashine ikakubali kila kitu, ikabaki kidole. Nikasema moyoni tumeshinda, nikaanza hata kuagiza chai. Haraka ya nini!

Dole gumba la kulia: taa nyekundu. La kushoto: nyekundu. Neema akashika kiganja cha bibi akakigeuza. Vile vidole vilikuwa laini kama mpini wa jembe la zamani. Mistari yote ilikwisha kwenye palizi, kwenye jiwe la kusagia, kwenye chuchu za ng'ombe. Hapo ndipo zamu yangu ilipofika, maana vidole vya wakulima nimevibana kwenye wino miaka mingi. Nikaleta maji ya uvuguvugu kutoka kwenye birika, nikamwosha bibi mikono kama anayesubiri ugali, nikakausha vizuri, nikapaka mafuta ya mgando kidogo sana na kuyafuta karibu yote. Mistari iliyochoka huinuka kidogo hapo. Jaribuni, mtanikumbuka.

Kidole cha shahada: nyekundu. Cha kati: taa ikasita, tukasimama sote, nyekundu. Mlango ulikuwa wazi, na foleni ilikuwa imeshahamia pale kutushauri.

"Bibi, minya kama unaua kunguni!"

"Acha kumtisha, aiguse kama anagusa mtoto!"

"Hiyo mashine ni ya Dar, haijui Kikurya!"

Mkono wa kulia ukaisha wote. Bhoke alikuwa ameacha kumbembeleza mtoto, anaitazama taa. Mkono wa kushoto ukaanza. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Kikabaki kidole cha mwisho kushoto, kimepinda kidogo. Neema akakinyoosha taratibu, akakilaza kwenye kioo.

Kijani.

Kelele zilizopigwa pale, mlinzi wa nje aliingia mbio akidhani tumevamiwa. Bibi Ghati peke yake ndiye hakupiga kelele. Alikiinua kile kidole mbele ya macho yake, akakitazama kwa dharau.

"Hiki? Hiki hakijawahi kufanya kazi yoyote tangu nizaliwe. Kumbe benki mnapenda wavivu!"

Akaondoka kwenda Mwanza. Jumatano iliyofuata, Mwita akaja masjala, amevaa koti, uso wa huzuni umepigwa pasi.

"Marwa, ndugu yangu. Shemeji amepasuliwa, hali si ya kuaminika. Nimeona niichukue hati ya familia isije ikapotea."

Sikilizeni hili kuliko yote: taarifa za mteja hazitoki mdomoni mwako, hata kwa mtu uliyekula naye nyama, na Mwita tulikula naye nyama siku Bhoke anaolewa. Nilimwona kwa macho yangu ameshika paja. Sikumkumbusha. Nilisema tu, "Karibu sana. Siku hizi hatubishani na watu. Anayeruhusiwa anaweka kidole hapa."

Akaweka. Nyekundu. Akafuta kwenye koti, akaweka kingine.

"Labda mashine yenu ni mbovu."

"Labda. Jaribu na kile kidogo."

Mheshimiwa Mwita alijaribu vyote. Mikono yake ilikuwa laini na mistari yake yote mizima, hakuna jembe lililowahi kuisumbua. Akaondoka bila kuaga. Nasikia hajarudi kuuliza habari za paa.

Bibi Ghati alirudi baadaye, amekonda, Bhoke kamshika mkono, watoto wawili wakubwa wametangulia mbele kufungua mlango. Watu wa foleni wakampisha. Akaenda moja kwa moja kwa Neema.

"Nimekuja kuangalia kama bado mimi ni mwanamke humo ndani."

Neema akamgeuzia kioo. "Ndiyo, bibi. Bi Ghati Wambura."

"Na Bhoke?"

"Yumo. Wa nyumba yako. Hati ipo salama, unaweza kuichukua hata sasa."

"Ikae. Nyumbani kuna panya." Bibi hakujua kusoma. Akaomba aonyeshwe mstari wenyewe, Neema akamwonyesha, naye akauangalia kwa muda mrefu, Bhoke akiwa ameegemea bega lake. Kisha akaridhika, akajifunga kanga vizuri na kuinuka.

"Haya. Hapa niiteni Bi, sina ugomvi," akasema. "Nyumbani mimi ndiye baba. Twendeni, watoto."